Kulia, Hatua Tatu

Wafalme saba wamekufa mbele ya Maeng Ok-sim.
Wawili kwa sumu, mmoja kwa jipu la mgongo,
mmoja kwa mkono wa mjomba wake mwenyewe,
waliobaki sikumbuki, labda kwa uchovu wa mwandishi.
Kila mmoja alipokata roho
yeye alikuwa pale, upande wa kulia,
hatua tatu nyuma ya pazia la hariri,
kichwa kimeinama, sinia mkononi,
na juu ya sinia bakuli la dawa
ambalo tangu mwaka wa tisini na nne halijaonja dawa.
Ni maji ya shayiri. Huyanywa mwenyewe, yamekwisha poa,
kamera zikizimwa.

Mimi kazi yangu ni kuandika:
mshumaa umebakiza vidole vingapi,
pini ya malkia imeelekea wapi,
nani kashika nini kwa mkono upi,
ili jana na leo zikishonwa pamoja
mshono usionekane.
Nina madaftari kumi na moja.
Katika yote, jina moja tu sijalifuta.

Mfalme akishakufa huinuka,
hupangusa damu ya sharubati,
huuliza supu ya tambi iko wapi,
hupanda gari kurudi Seoul,
na msimu ujao tunamwona akitangaza majokofu.
Malkia huolewa. Waziri mwovu hufungua mkahawa.
Nguo ya kuazima haisitiri;
taji la kuazima halisitiri hata nywele.
Lakini sketi ya kijani, namba kumi na nne ghalani,
imekunjuliwa pindo mara nne
na sindano ni ya Ok-sim.

Alikuja mwongozaji kijana, ana haraka.
"Pigeni magoti upesi, jua linatukimbia."
Ok-sim hakubisha.
Akapiga goti kama siku zote,
kama mtu anayeweka mayai kapuni.
Mfalme akangoja. Mawaziri wakangoja.
Nikaandika: jua limengoja.

Miaka thelathini wamempa maneno matano.
"Maji yamechemka, Mtukufu."
Na miaka tisa baadaye:
"Mtukufu amelala."
Haya ya pili yalikuwa uongo. Mtukufu alikuwa maiti,
na mlangoni walisimama wenye panga.
Kwa uongo huo mrithi akapata usiku mzima wa kukimbia,
nchi nzima ya mbao na karatasi ikaokoka,
na jina la mwokozi likapita mbio mwishoni,
kati ya mtunza farasi na mpishi wa wafanyakazi.

Februari nyonga ikamgomea.
Siku hiyo tulikuwa tunamtawaza wa nane,
kijana mzuri, kakariri kila kitu.
Akaketi. Akanyoosha mkono wa kulia
bila kutazama, kama walivyonyoosha wale saba,
na mkono ukabaki hewani.
Hakuna aliyepaza "kata".
"Nani amekufa?" akauliza mfalme,
na hayo hayamo kwenye muswada.

Wakamleta binti, Tak Ha-ram, miaka kumi na tisa.
Viatu vya Ok-sim vikampwaya,
tukavijaza magazeti ya wiki iliyopita.
Usiku simu ikalia kutoka hospitali.
"Mwambie asimtazame mfalme. Autazame mvuke."
"Bakuli letu halifuki, mama."
"Najua," akasema. Akanyamaza.
"Autazame hivyo hivyo."

Asubuhi nimefungua daftari la kumi na mbili.
Kulia. Hatua tatu. Sinia.
Goti: polepole, na gazeti likalia kiatuni,
kwaruu, kila mtu kalisikia.
Nimezirudisha picha mara sita.
Ukitazama sana, mshono unaonekana.
Nimeuacha.